Wavu Alioutukana Ridha

Ridha Nyange hakusomea udaktari. Hakusomea unesi, wala hakuwahi kufagia hata ukumbi wa zahanati. Alichojaaliwa ni koo. Tangu ujana wake watu wa Chake Chake walikuwa wakimkodi atangaze harusi, vifo na mbuzi waliopotea, na zaidi michezo ya ng'ombe kule Pujini, ambako sauti yake ilikuwa ikifika kabla ya zumari. Alikuwa na spika mbili za bati, betri ya gari na vespa iliyochoka. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kazi halali, na hapakuwa na wa kumlaumu.

Kilichomharibu ni chupa. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akihamia Tanga alimwachia makreti ya chupa ndogo tupu, na Ridha, badala ya kuzitupa, alizitazama mpaka akapata wazo. Akazijaza mafuta ya nazi, akatia habbasoda kidogo kwa ajili ya heshima na kafuri nyingi kwa ajili ya harufu, akazipa jina: Shifaa ya Mshipa.

Mshipa ndiyo hiyo ngiri inayoandikwa kwenye vitabu. Nyama ya chini ya tumbo inaachana kwa ndani, utumbo unapata mlango, unateremka kinenani na kufanya uvimbe. Mgonjwa akilala unarudi, akisimama unashuka. Pemba hii ya kubeba magunia na kuparamia mikarafuu, wanaume wenye mshipa ni wengi kuliko wanaokubali kuwa nao, kwa sababu mwanamume wa kwetu yuko radhi afe kuliko kumwonesha mtu kinena chake. Ridha aliijua aibu hiyo vizuri, akaifanya duka lake. Alisema mafuta yake yanaufunga ule mlango bila kisu na bila kuvua nguo. Sijui kama aliwahi kujiuliza mafuta ya juu ya ngozi yanafikaje kwenye nyama iliyoachana chini yake. Wateja hawakuuliza, kwa hiyo naye hakuona haja ya kujua.

Pamoja na mafuta aliuza mkanda. Huo alikuwa akiushona mkewe Rahila, jirani yangu wa Madungu, kwa cherehani yake ya miguu: kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kimevishwa kanga kuukuu, na vifungo viwili. Mteja alitakiwa aufunge kinenani mchana kutwa. Na ili auze, Ridha alikuwa na mchezo wake. Alikuwa akijikunja mbele ya maikrofoni na kuugua, "Aaah! Mama yangu wee! Mshipa huo, nakufa!" Kisha anajipaka mafuta viganjani, anajifuta tumbo juu ya kanzu, anasimama wima na kutabasamu. Watu walikuwa wakicheka, na kila wakicheka wananunua.

Walichokuwa hawakijui wale watu, na mimi nilikijua baadaye kwa kinywa cha Rahila, ni kuwa Ridha mwenyewe alikuwa na mshipa. Aliupata kwa kunyanyua ile betri. Ndiyo maana alikuwa akivaa kanzu pana kama ya mtu mwingine. Kila asubuhi alikuwa akilala chali kitandani, anaurudisha uvimbe kwa vidole, anafunga mkanda, halafu anatoka kwenda kuwauzia wenzake. Na katika miaka yote hiyo, Rahila aliniambia, hakuwahi kufungua hata chupa moja kwa ajili yake mwenyewe. Mjinga anayeuza uongo anaouamini unaweza kumwonea huruma. Ridha hakuwa mjinga.

Basi akaja Dakta Ummehani. Huyu ni mtoto wa Wete, binti wa Zulfiqar wa duka la misumari, mabati na nyavu za kuku. Alikwenda kusoma ng'ambo, akarudi bingwa wa upasuaji, akapangiwa hospitali ya kwetu. Ni mwanamke mfupi, ana miwani mikubwa na ulimi usiobembeleza. Alipogundua wanaume wengi wanaletwa kwake wakiwa wameshakata tamaa, utumbo umeshakwama na kuoza, aliamua kuwafuata vijijini. Akaanza na Pujini, pale skuli, siku ya Jumapili asubuhi.

Ukumbi ulijaa wanaume waliodai wote kuwa wamekuja kumsikilizia ndugu yao. Ridha alikuwapo, kwa sababu ndiye aliyekodiwa kuutangaza mkutano. Na mbele kabisa alikaa Silima, kaka yake Rahila, mkulima wa mpunga na muhogo wa hapo hapo Pujini, mtu mkubwa wa mwili na mpole mpaka anaudhi. Silima alikuwa na mshipa tangu zamani na alikuwa hajifichi. Alikuwa mteja wa kwanza wa shemegi yake, na mwaminifu kuliko wote.

Dakta Ummehani alitoa kwenye bahasha kipande cha kitambaa cheupe chenye matundu madogo, ukubwa wa kiganja, akakipitisha mkono kwa mkono.

"Huu ndio wavu wenyewe," akasema. "Zamani tulikuwa tunavuta nyama ya huku na ya huku tunashona kwa uzi. Nguo iliyochakaa ukiishona kwa kuivuta, inafanya nini?"

"Inachanika pembeni ya mshono," Silima akajibu, kama mwanafunzi.

"Basi. Na mshipa ulikuwa unarudi hivyo hivyo. Nguo iliyochakaa inataka kiraka. Madaktari wamekitafuta kiraka hicho zaidi ya miaka mia. Walijaribu nyavu za nyuzi za fedha, zikawa ngumu, zikakatika ndani ya watu. Wakajaribu madini mengine, nayo yakavunjika vipande vipande. Wakaja kwenye nailoni, kisha plastiki za namna kwa namna, mpaka wakapata hii. Ni jamaa ya plastiki ya viti na ndoo, lakini imesokotwa nyembamba. Mwili hauigombi sana. Nyama inaota ndani ya matundu, inashikana nayo, na mlango unafungika."

Mzee mmoja akauliza kama si kitu cha ghali, sisi wanyonge tutakipata wapi. Hapo Dakta akasema neno la kweli, na mimi naamini angekuwa mwanasiasa asingelisema.

"Cha kiwandani ni ghali, ndiyo. India, na baadaye nchi nyingine za Afrika, wapo madaktari waliochukua kitambaa kipya cha chandarua, kisichotiwa dawa ya mbu, wakakikata, wakakichemsha kwa mvuke mpaka hakina kijidudu, wakakitumia. Wakawafuatilia wagonjwa. Walipona sawasawa na wale wa wavu wa kiwandani. Hapa kwetu tunao wa kiwandani, tumeletewa. Nawaambieni ili mjue kuwa huu si uchawi. Ni kitambaa."

Wanaume wakatikisa vichwa. Kitambaa kilipomfikia Ridha, alikiinua kwenye mwanga wa dirisha akakitazama sana. Katika maelezo yote yale, fedha, madini, nailoni, miaka mia ya watu kukosea na kurekebisha, yeye aliondoka na neno moja tu. Chandarua.

Haikufika hata Ijumaa. Vespa ilikuwa barabarani, spika zinalia kutoka Chake hadi Wete: "Enyi waumini! Mmesikia? Wanakutieni vyandarua matumboni! Chandarua cha malaria, chenye dawa ya kuulia mbu! Mbu anakufa, utumbo utapona? Baba anauza nyavu za kuku dukani, mtoto anawashonea watu tumboni! Tena mwanamke! Akuvue nguo akutazame! Shifaa ya Mshipa, mafuta ya heshima, hayakuvui hata kofia!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, wenye skuli na wasio na skuli. Nilimsikia mwalimu mzima wa sekondari akilirudia lile la nyavu za kuku barazani, na nikamwona siku ya pili akinunua mafuta. Nasema haya ili isidhaniwe kuwa Ridha alikuwa akiwadanganya washamba peke yao.

Silima, pamoja na upole wake, alikuwa ameshaandikisha. Dakta alimpima, akamwambia wake ni mshipa mkubwa lakini mwepesi kutengeneza, akampangia Jumatano. Khairat, mkewe, akafua shuka mbili za kupeleka hospitali. Siku ya Jumanne mchana Ridha akaenda Pujini, akakaa ukumbini kwa shemegi yake, akala wali kwa pweza, akanawa.

"Shemegi, nasikia kesho unakwenda kupasuliwa."

"Nnakwenda, inshallah. Nimechoka kuubeba, yakhe. Hata kusali nasali kwa tabu."

"Na yule binti atakuona?"

Silima akainama. "Atanifunika, kasema."

"Atakufunika uso!" Ridha akacheka kwa sauti yake ya spika. "Hino ya chandarua ndiyo inayoniogopesha mie. Plastiki ikae ndani ya mtu maisha? Ukifa je, utazikwa nayo? Shehe gani atakubali?"

"Kuna mtu kaniambia haina neno."

"Mtu gani? Mie ni mume wa dada yako. Nikudanganye, nipate nini?"

Swali hilo lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliokuwa pembeni yake: chupa mpya na mkanda mpya, uliokazwa zaidi. Silima hakulitafuta. Alikuwa mmoja wa watu wale ambao mtu akishakula wali wao, hawawezi kufikiri kuwa anawadanganya. Khairat alitoka jikoni akasema, "Shuka nimeshazifua," naye akamjibu, "Zikunje. Shemegi yangu anajua zaidi."

Jumatano ikapita. Dakta Ummehani akampigia simu, haikupokewa.

Msimu wa karafuu uliofuata ulikuwa mzuri. Silima alikodiwa kubeba magunia ya karafuu mbichi kutoka mashamba ya bondeni hadi kwenye majamvi ya kuanikia, mkanda wa mpira kiunoni. Asubuhi moja, akiwa anapanda kilima, alihisi kitu kimechomoka. Akaliweka gunia chini, akalala chali kama alivyozoea, akausukuma uvimbe. Haukurudi. Ulikuwa mgumu kama chungwa bichi. Alipofikishwa nyumbani alikuwa ameshaanza kutapika.

Khairat akataka waende hospitali. Silima akasema aitwe shemegi.

Ridha akaja, na siwezi kusema hakuja haraka. Akamlaza, akamwaga chupa nzima kinenani, akaanza kuminya. Aliminya kwa viganja viwili, jasho linamtoka, Silima anauma ncha ya mto. Ulipokataa kurudi, aliukaza mkanda juu yake, akasema mafuta yapewe muda, yanafanya kazi. Siku ile ikapita. Siku ya pili Silima alikuwa bado anatapika, na matapishi yamebadilika rangi na harufu. Ridha akamwaga chupa nyengine.

Adhuhuri Rahila akafika. Hakuna aliyemwita, alisikia kwa mwanamke mmoja sokoni. Aliingia chumbani, akamtazama kaka yake aliyevimba tumbo, akamtazama mumewe aliyepiga magoti na chupa ya tatu mkononi.

"Ridha," akasema, "wako ukikwama, utajipaka hayo?"

Ridha akatafuta kizibo cha chupa.

"Nnakuuliza!"

"Usinipandishie sauti mbele ya mgonjwa," Ridha akasema.

Rahila alitoka barabarani, akaisimamisha gari ya shamba iliyopakia nazi, akamlazimisha dereva azishushe zote kando ya njia. Wakampakia Silima juu ya magodoro. Hospitali Dakta Ummehani alimpeleka chumba cha upasuaji moja kwa moja. Utumbo uliokwama ulikuwa umeshakufa na kutoboka, na sumu imeshaenea tumboni. Alikata, akasafisha, akafanya aliyoweza. Silima alifariki siku iliyofuata baada ya Alasiri, akiwa na fahamu zake, akimwomba radhi Khairat kwa sababu ya zile shuka.

Sasa njoo matangani. Wanaume walikuwa wamejaa ukumbini na uwanjani, wanawake ndani. Kisomo kilipomalizika na kahawa ikaanza kuzunguka, mtu mmoja akauliza, kama watu wanavyouliza, marehemu aliumwa nini hasa. Ridha akakohoa.

"Kapasuliwa," akasema kwa huzuni nzuri kabisa. "Mie nilimwambia asiende. Kila siku nikimwambia, shemegi, kisu usikiendee. Wakamchukua mie sipo. Matokeo yake ndiyo haya."

Wanaume wakasema, "La haula." Mmoja akasema kweli, hizi hospitali.

Pazia la mlango wa ndani likafunguka. Rahila alisimama pale kizingitini, buibui limeteleza kichwani, na kwa desturi yetu hakuwa na haki ya kusimama mahali pale. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kumwagiza mtu chumvi.

"Ridha, nyanyua kanzu."

Kahawa ikaacha kuzunguka.

"Nyanyua kanzu uwaoneshe watu mkanda. Miaka kumi na moja unaufunga, nimekushonea mwenyewe. Waoneshe mshipa wako uwaeleze mafuta yamekusaidia vipi. Huwezi? Basi niwaeleze mie. Hajayapaka hata siku moja. Kaka yangu kampaka chupa tatu."

Ridha alibaki ameshika kikombe cha kahawa. Uso wake, walisema waliokuwapo, haukuwa na majuto. Ulikuwa na hasira ya mtu aliyekatiwa umeme katikati ya tangazo. Akaweka kikombe, akatafuta viatu vyake katika rundo la viatu, na ilichukua muda kuvipata, watu wote wanamtazama, hakuna aliyemsaidia. Akatoka. Rahila hakurudi Madungu. Alituma gari ikamletee cherehani tu, akabaki Pujini na wifi yake.

Ungedhani biashara ingekufa hapo. Haikufa. Chake na Pujini hapakununuliwa tena, lakini Pemba ni kisiwa kirefu, na mwenye vespa anaweza kuhama aibu yake kwa nusu saa. Ridha akahamia Wete, akapanga chumba, akaendelea kuuza sokoni na kujikunja mbele ya maikrofoni. Wapo walioijua habari ya Silima na bado wakanunua. Mmoja nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Bora kafuri kuliko mwanamke kuniona."

Na mahali pale pale sokoni ndipo yalipomkuta. Ilikuwa saa nne asubuhi, watu tele. Ridha alikuwa akiiteremsha betri kutoka kwenye vespa huku akitangaza, maikrofoni imefungwa shingoni. Akajikunja. "Aaah!" akasema. "Mama yangu wee! Mshipa! Nakufa!"

Watu wakacheka. Walikuwa wanaujua mchezo. Akaanguka magotini, wakacheka zaidi, muuza ndizi akapiga makofi. Kuugua kwake kulitoka kwenye spika zote mbili, kukaenea mpaka bandarini, na wanawake waliokuwa mbali walisema leo Ridha anauza kweli kweli. Alikuwa akilia, "Nisaidieni, si mchezo, wallahi si mchezo," na hilo nalo likawachekesha. Alilala pale chini, kanzu imejaa vumbi, mpaka alipotapika. Hapo ndipo Haroub, mchukuzi wa mizigo aliyekuwa jirani na meza yake, alipoinama akamtazama usoni, akazima spika. Wakampakia kwenye gari hadi hospitali ya kwetu, Chake.

Dakta Ummehani alikuja na miwani yake akamkuta kwenye machela, watu wamezunguka.

"Dakta," Ridha akasema, ameshika mkono wa yule mwanamke kwa mikono yake yote miwili. "Mwanangu. Nitie wavu."

"Wavu upi? Wa kuku?"

"Wowote! Nitie wowote!"

Dakta aliutoa mkono wake, akamvua mkanda, akaubonyeza uvimbe kwa vidole viwili. Ngozi juu yake ilikuwa imeiva wekundu wa giza, maana mkanda ule wa mpira uliobanwa kwa vifungo ulikuwa umeusaidia utumbo kukabwa.

"Utumbo ukishaharibika panakuwa na vijidudu," akamwambia. "Nikiacha plastiki mahali kama hapo itashika usaha. Nikikuta umeharibika nitakata, nitakushona kwa uzi mtupu, kama walivyokuwa wakishona kabla ya wavu kupatikana. Na huenda mshipa ukarudi."

"Kwa hiyo hutanitia?"

"Shemegi yako nilimpangia Jumatano. Wake ulikuwa laini, unarudi kwa kidole. Angetembea siku ya pili." Akamgeukia muuguzi, akaomba glavu.

Utumbo ulikuwa umeharibika, kipande kama cha shibiri moja. Dakta alikata, akaunganisha, akashona kwa uzi. Ridha hakufa. Alilala hospitali muda mrefu, mirija puani, na katika muda wote huo Rahila hakwenda kumtazama. Khairat, mjane wa Silima, alimpelekea uji mara moja. Nilimuuliza kwa nini. Akasema jirani yake alikuwa na mgonjwa kitanda cha pili, uji ulibakia.

Mwaka haukumalizika, mshipa ukarudi, kama alivyoambiwa. Mara hii Ridha hakungoja. Alikwenda kliniki mchana kweupe, akakaa kwenye benchi refu la wenye mshipa, na benchi zima likawa la wateja wake. Haroub mchukuzi alikuwamo. Wengine walikuwa bado wamefunga mikanda ya Rahila.

"Yakhe Ridha," Haroub akamwuliza kwa adabu zote, "mafuta yamekwisha?"

Hawakucheka sana. Walikuwa wanaumwa, na zamu ilikuwa ndefu. Mzee wa pembeni alisogea kidogo ili Ridha apate nafasi, kisha akasogea tena kidogo zaidi ya iliyohitajika.

Alipigwa sindano ya mgongo, akawa macho, nusu ya mwili imekufa ganzi. Mara hii palikuwa safi, wavu ungeweza kutiwa. Dakta Ummehani aliutoa kwenye pakiti yake, akauinua juu ya pazia dogo la kijani lililomkinga uso.

"Utazame kabla sijauingiza."

Ridha alifumba macho. Mtu aliyeutangaza wavu ule kila soko la Pemba, aliogopa kuuona ukiwa mbele yake. Dakta akaendelea na kazi yake huku akimsimulia muuguzi habari za mafundi wanaomjengea jiko.

Alipona vizuri mno. Wavu haukuchagua. Nyama iliota ndani ya matundu yake kama inavyoota kwa mtu mwema, na baada ya miezi Ridha alikuwa akinyanyua betri bila ya mkanda wala kanzu pana. Nakiri kuwa hili liliniudhi, na mpaka sasa linaniudhi.

Dakta alimwita akamtaka aitangaze kambi ya upasuaji inayokuja, bure, kwa spika zake. Akakubali. Nilimsikia akipita Madungu: "Ndugu zangu, sayansi imeendelea! Nyavu za zamani ndizo zilizokuwa mbaya, mie niliwakatazeni kwa haki! Za sasa zimetengenezwa upya, salama kabisa, mie mwenyewe ninao!" Ulikuwa uongo kuanzia neno la kwanza. Wavu ulikuwa ule ule, wa kiwanda kile kile, alioushika pale skuli. Nilikwenda nikamwambia Dakta Ummehani. Alikuwa anakula andazi mlangoni mwa ofisi yake.

"Wanakuja au hawaji?" akaniuliza.

"Wanakuja."

"Basi. Mie nilitaka spika zake. Ukweli wake utanifaa nini?"

Na walikuja, benchi halikutosha, wakaketi sakafuni, na yule aliyekuwa haoneshi kinena chake kwa mwanamke nilimwona mstari wa mbele akigombea zamu.

Baada ya hapo Ridha alikwenda Pujini kumrejea mkewe. Alivaa suruali iliyonyooshwa na shati, ili aonekane hana uvimbe. Rahila alikuwa ukumbini akishona sare za skuli. Khairat alikuwa akipepeta mchele. Walimkaribisha, kwa sababu mgeni hafukuzwi, na Rahila akamtilia chai.

"Nimepona, Rahila," akasema. "Mzima kabisa."

"Alhamdulillahi."

"Nimeacha mafuta. Nauza kava za simu Wete. Chumba nimepaka rangi. Nimekuja kukuchukua."

Rahila alikata uzi kwa meno. "Na Silima?"

Ridha akatazama kikombe chake. Khairat aliacha kupepeta. Nimeambiwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kuwa alikaa kimya muda wa kutosha kabisa kusema jambo jengine, na kuwa wote wawili walikuwa wanamngojea, na kwamba kama angelisema hata nusu yake Rahila asingejua la kufanya.

"Siku yake ilifika," Ridha akasema, na sauti yake ikawa ile ile ya matangani, ya huzuni nzuri. "Sote ni wa njia hiyo."

Rahila akainuka, akamchukua kikombe mkononi, chai haijafika nusu, akaimwaga uwanjani. Kisha akarudi kwenye cherehani, kwa sababu skuli zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu na sare zilikuwa bado nyingi.